Magunia ya Mistari Miwili

Kiringye, 4 mwezi wa tatu

Mvua. Nimefungua daftari hili kwa sababu mwaka jana sikuandika kitu, na sasa kila mtu ananikumbusha mambo ya mwaka jana kwa namna inayomfaa yeye.

Mimi nakumbuka hivi. Mashine ya kukoboa ilikuwa moja. Watu wa tambarare yote ya Ruzizi walivuna na kuleta mpunga juma lile lile, utafikiri kengele imepigwa. Magunia yalipangwa kutoka mlango wa mashine mpaka barabarani, na mvua ikayakuta huko. Mpunga uliota ndani ya magunia, majani ya kijani yakachungulia kwenye mishono. Nilitukanwa na watu ambao mama zao niliwabebea maji. Ili kila mmoja apate kidogo nilikata: aliyesema ana arobaini tulimkobolea ishirini, mengine yangoje. Niliona nimetenda haki.

Nilianza kazi hii nikiokota chenga chini ya mashine za watu, nazipepeta, naziuza kwa kikombe. Hakuna aliyenirithisha hata ungo. Mwaka mwingine wa kutukanwa siutaki. Mwaka huu mashine zitakuwa mbili.

7 mwezi wa tatu

Nimeshuka Uvira, hadi Kalundu, kwa Emery. Depo yake iko karibu na bandari. Mchele anaoupata huku kwetu anaupakia botini kwenda Baraka na Kalemie.

Mashine ya pili ataileta yeye. Mimi nitamuuzia magunia mia tatu ya mchele, niyafikishe mpaka deponi, kabla ya sikukuu ya Uhuru, tarehe thelathini mwezi wa sita. Nikifikisha, mashine mpya inakuwa yangu. Nikikosa, hata kwa gunia moja, anachukua mpya na ya zamani pamoja. Niliomba nafasi ya kufikiri.

“Fikiri, mama,” alisema. “Lakini iweke mu kichwa: mia tatu. Minye sifanyake kontra ya vikombe.”

Alijua anasema nini. Uvira nzima inajua nilikotoka.

10 mwezi wa tatu, siku ya yenga

Baada ya misa nilimwomba Toussaint aseme na watu. Toussaint ni prezida wa kooperative ya wakulima wa mpunga. Ana sauti inayofaa kutangaza harusi na mazishi siku moja. Aliwaambia Mama Émérance ameamua kuongeza mashine, lakini anataka kwanza kujua kila mmoja ataleta magunia mangapi kumuuzia.

Mimi sipendi ahadi ya mdomo peke yake. Nikaongeza: kila atakayetaja hesabu yake, nitampa magunia mapya ya kuutia huo mpunga, bure. Kwenye kila gunia nimepiga mistari miwili myekundu kwa burashi. Sheria ni moja na kila mlanguzi wa barabara hii ataisikia: gunia la mistari ni la mashine yangu, mtu asiliguse. Gunia lisilo na mistari, mwenyewe ajue anapeleka wapi.

Watu walipiga makofi. Leo nimefurahi. Ninaliandika hilo kwa kuwa halitokei mara nyingi.

14 mwezi wa tatu

Nimemaliza kuzunguka mashamba pamoja na Evariste, fundi wangu wa mashine. Nina maji mpaka kwenye mifupa.

Toussaint amesema magunia mia moja na ishirini. Nilimwuliza kama amenunua shamba jingine. Akajibu kwamba mwaka huu mbegu iko ya nguvu. Aliyemfuata alisema themanini. Mmoja ambaye mwaka jana nilimkobolea kumi na mbili alisema sitini, na bibi yake wa ndoa aliyekuwa anapalilia pembeni akashika kiuno, akamtazama, akaendelea kupalilia.

Nimejumlisha. Mia tisa.

“Mama,” Evariste alisema, “hii tambarare, hata tukivuna na nyasi na vyura vyake, haitoe mia tisa.”

Lakini mimi watu wangu nawajua. Mtu wa hapa ukimwuliza bei anaanza juu ili umshushe. Hesabu nayo anaipandisha vilevile. Basi nimekata nusu. Mia nne na hamsini ya mpunga. Magunia matatu ya mpunga hutoa mawili ya mchele. Inabaki mia tatu kamili, ile ile ya Emery.

Hesabu mbili zikikutana hivyo bila kusukumwa, mimi huona mkono wa Mungu.

15 mwezi wa tatu

Tumegawa magunia. Kila mtu amepewa nusu ya alichosema. Hakuna aliyelalamika, hata Toussaint na sitini zake. Walibeba kichwani wakiimba. Mtu akikatwa nusu asilalamike, nilisema moyoni, basi nimemkuta kwenye ukweli wake.

Mmoja tu alisumbua, Pétronille, mjane mwenye vipande vitatu vya shamba karibu na mfereji. Nilipomwuliza juzi hakujibu papo hapo. Aliomba nimngoje, akaenda kutazama kipande cha chini kwenye maji, akarudi miguu imejaa tope, akasema thelathini. Leo nilipompa kumi na tano aliyahesabu, akayahesabu tena.

“Nilisema makumi tatu.”

“Nimesikia, mama.”

Akaendelea kusimama. Nyuma yake watu walikuwa wengi, nikamwita anayefuata. Ana kiburi, yule mama. Shamba dogo, shingo ndefu.

18 mwezi wa tatu

Nimetia sahihi kontra kwa Emery. Kalundu maji ya ziwa yamepanda, watu wanavuka kwa mbao kuingia nyumbani kwao.

2 mwezi wa nne

Mvua.

5 mwezi wa nne

Mashine mpya imefika juu ya kamyo, imefunikwa shitingi kama bibi-arusi. Evariste amekwisha kuiita Bibi wa Pili. Ameiwasha bila mpunga, ikanguruma vizuri, ikanywa mafuta.

11 mwezi wa nne

Nilikuwa kwenye pikipiki kwenda Luberizi. Kando ya barabara magunia ya makala, makaa ya kupikia, yamepangwa, na moja lina mistari miwili myekundu. Nilimsimamisha shofere. Mwenye makala aliniambia amepewa na shemeji yake. Akaniuliza kama ninayo mengine, kwa sababu yana mshono mzuri.

13 mwezi wa nne

Mvua. Magunia mawili ya mistari yamekuwa mlango wa choo cha jirani wa Toussaint.

21 mwezi wa nne, siku ya yenga

Msiba upande wa Luvungi. Wanaume walikaa chini kwenye majani makavu ya migomba, wanawake kwenye magunia yangu yaliyopasuliwa na kushonwa kuwa mkeka. Nilikalia mistari yangu mwenyewe. Msibani huwezi kudai kitu. Nililia na wengine, nikiwa na sababu zangu.

24 mwezi wa nne

Nimewauliza watano. Kila mmoja ananijibu kwamba gunia moja si kitu, mengine yapo, yanangoja mpunga. Nimetaka kuamini na nimeamini.

3 mwezi wa tano

Mvua imepungua. Mpunga umeanza kuinama. Kutoka barabarani tambarare ni nzuri sana, na mimi hapa natazama magunia tu, hata ndotoni.

16 mwezi wa tano

Mavuno yameanza. Yameingia kumi na manane.

20 mwezi wa tano

Yameingia arobaini. Mashine ya zamani inatosha. Bibi wa Pili hajafunuliwa.

27 mwezi wa tano

Mia moja na kumi kwa jumla. Wakati kama huu mwaka jana foleni ilikuwa imefika barabarani. Sasa mlangoni kuna mbuzi wawili wa mtu.

Evariste amekaa juu ya debe anafuta vyuma visivyo na vumbi. “Huyu Bibi wa Pili,” alisema, “anakula mafuta lakini hapike.” Sikucheka. Akaacha kufuta.

1 mwezi wa sita

Nimekwenda kwa Toussaint.

Nilimkuta mezani, bugali na ndagala na sombe ya majani ya muhogo. Alinikaribisha. Nilikataa kukaa, na kwetu kukataa kukaa ni nusu ya tusi. Nilitaka alione hilo. Nilimwambia: prezida, ulisema mia moja na ishirini, nikakupa magunia sitini, umeniletea ishirini na mbili.

“Kaa kwanza, mama. Hasira ya kusimama inaumizaka magoti.”

“Mpunga iko wapi?”

“Mpunga njo ule uliona. Shamba yangu haiyatoa zaidi ya makumi mbili na tano tangu nizaliwe. Weye mwenyewe unaijua.”

“Basi juu ya nini ulisema mia moja na makumi mbili?”

Aliosha mikono polepole. Nilifikiri anatafuta uongo. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kunieleza kitu ambacho kila mtu alikwisha kukijua.

“Mwaka jana,” alisema, “nilikuwa na makumi mbili, nikasema makumi mbili. Ukanikobolea kumi. Jirani alikuwa na makumi mbili kama minye, akasema makumi ine. Ukamukobolea makumi mbili yote. Yake ikauzwa, yangu ikaota majani. Ni weye ulitufundisha kuhesabu, mama. Kisha mwaka huu unakuja na magunia mupya mu mikono, ya bure, unauliza muntu aandike ngapi. Utasema makumi mbili?”

Bibi yake alicheka huko jikoni, kicheko kifupi cha mtu anayesikiliza tangu mwanzo.

Nilimwuliza magunia mengine yako wapi. Aliniambia bila haya: kumi amegawa kwa wakwe, mengine ameyauza, yote pamoja, kwa mwanamke mmoja anayepeleka vitu Uvira. Ada ya shule ilikuwa imefika. Akaniuliza kama ningependa watoto wakae nyumbani huku magunia matupu yanaliwa na panya.

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi kutoka nyumbani, nimeyapanga njiani, na yote yalikuwa ya mtu aliyeibiwa. Huyu hakuwa ameniibia. Alikuwa amepanga foleni kwa sheria niliyoiweka mimi.

Nikakaa. Nikala. Sombe ilikuwa na mawese mengi, jinsi ninavyoipenda, na hilo nalo liliniudhi.

4 mwezi wa sita

Pétronille ameleta mpunga wake. Mkavu, umepepetwa, hakuna jiwe. Evariste alitia mkono ndani ya gunia, akautoa, akanionyesha kiganja. Magunia kumi na matano, na kila moja limejaa mpaka mshono unavutika.

Tulipomaliza kupima nilimwuliza mengine yanakuja lini.

“Mengine gani?”

“Ulisema thelathini.”

“Nilisema. Ukanipa magunia kumi na tano. Nikajua hautaki ingine.”

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, pole pole, jinsi kila mtu anavyoongeza, jinsi ninavyolazimika kukata, na kwamba sikumlenga yeye. Niliwakata wote sawasawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu hiyo ya kusikiliza inayomchosha msemaji.

“Ulifikiri nilidanganya,” alisema. Alilisema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na upepo.

Ile nusu ya pili ilikuwa imewekwa kwenye magunia ya zamani ya mbolea, ukingoni mwa shamba. Mlanguzi wa Luvungi alipita na kamyo, akauliza, akanunua, akaondoka.

“Haikukuwa na mistari, mama,” Pétronille alisema. “Sheria ni yako.”

Nilimwomba angoje chai. Alisema ana kazi, akachukua kitambaa chake, akaondoka. Nilimtazama mpaka alipovuka mfereji. Mwezi wa tatu niliandika hapa kwamba ana kiburi. Nimelisoma tena. Sitalifuta, libaki hapo linisute.

Nimeuliza na wengine. Wako kama yeye watu sita hivi, waliosema ukweli. Wote sita nusu yao imekwenda Luvungi.

9 mwezi wa sita

Hakuna kinachoingia tena. Shamba limekwisha.

Mpunga wote: magunia mia mbili na ishirini na tano. Ndiyo mchele mia moja na hamsini. Ninadaiwa mia tatu. Nusu. Mimi niliwakata nusu nikiona nimefika kwenye mwamba, na chini ya mwamba kulikuwa na nusu nyingine.

Tarehe thelathini Emery atakuja na kamyo kuchukua Bibi wa Pili, na ya zamani pia, ile ninayoijua kwa sauti kama mtu anavyojua kikohozi cha mume wake. Evariste ameuliza kama atafute kazi. Nilimwambia angoje kidogo.

10 mwezi wa sita

Nina parseli Kilibula, kiwanja changu mjini Uvira. Msingi umekwisha kujengwa, mawe meusi ya mto, na mti mmoja wa avoka. Nilitaka kuzeekea pale, nisikie mji badala ya mashine.

12 mwezi wa sita

Parseli imeuzwa. Aliyenunua ni mwalimu, mtu mpole. Aliniomba ruhusa ya kukata avoka. Nilimwambia ni yake.

19 mwezi wa sita

Sange, Luberizi, Sange tena. Sasa sigawi magunia, sichukui ahadi. Naona mpunga, natia mkono ndani, nalipa, napakia. Hivi ndivyo nilivyoanza miaka ile, na hakuna aliyenidanganya siku hizo kwa sababu sikumwuliza mtu habari za mwezi wa sita nikiwa mwezi wa tatu. Lakini kwa namna hii huwezi kununua mashine. Mwenye kutaka mashine lazima aulize habari za kesho, na kesho ya kila mtu ina maneno yake.

Walanguzi wamejua nina haraka. Bei inanitangulia kijijini, nikifika naikuta imesimama.

23 mwezi wa sita, siku ya yenga

Sikwenda misa. Mashine mbili zimefanya kazi kutwa. Bibi wa Pili anakoboa kwa sauti nyembamba, safi, kuliko ya zamani. Evariste amevua shati, anaimba. Mama mmoja alipita akasema ona, Émérance ametajirika.

26 mwezi wa sita

Mchele magunia mia tatu. Tumehesabu, tumekaa juu yake, tumehesabu tena. Hakuna vumbi lisilo jeupe mwilini mwangu. Nilimwambia Evariste hatutaajiri mtu mwingine kwenye hesabu hii, atapakia na mimi.

28 mwezi wa sita

Nimerudi. Mgongo unaniuma, lakini nikilala bila kuandika, kesho nitaanza kulipamba jambo hili.

Tulitoka asubuhi kamyo mbili. Mvua imekwisha, barabara ni vumbi, na kwenye kila bariere ya barabarani mtu anataka kujua mchele unaenda wapi kana kwamba umemuudhi. Kalundu tumefika jua la saa sita. Ziwa limepanda kuliko nilivyoliacha. Kingo za bandari zimezama, watoto wanavua samaki barazani kwa watu.

Depo ya Emery ina vyumba viwili. Cha chini kimeingia maji. Mbele ya cha juu wamejenga ukuta wa magunia ya mchanga kuzuia mawimbi, safu nne, umepangwa vizuri. Nilisogea. Mistari miwili myekundu, mistari miwili myekundu, kutoka kona hadi kona. Mistari yangu inatazama ziwa.

Emery alitoka akipangusa mikono. Nilimwuliza magunia haya ameyatoa wapi. Sokoni Mulongwe, alisema, mama mmoja alikuja nayo mengi kutoka kwenu. Magunia mazuri. Hayaoze.

Kisha akaona kamyo. Ya kwanza akatabasamu. Ya pili ilipokunja kona, tabasamu likakaa pale pale bila kazi.

“Iko ngapi hii?”

“Mia tatu.”

“Yote?”

“Kontra inasema mia tatu.”

Alitazama kamyo, akatazama chumba chake kimoja kikavu. Alivua kofia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi: aseme mchele una chenga, aseme nimechelewa, ashushe bei. Sikujiandaa kwa alichosema.

“Mama Émérance, ni nani alikuambia ulete yote?”

Nilidhani ananichekesha. Akaniketisha juu ya gunia, akaketi na yeye, tukawa kama ndugu wawili wanaongoja boti. Akaeleza. Watu wa mashine, alisema, wote, tangu Kamanyola mpaka hapa, miaka yote, ukiwaandikia mia tatu wanaleta mia moja na hamsini. Wana sababu: mvua, barabara, mgonjwa, nzige. Basi yeye amejifunza. Akitaka mia moja na hamsini, anaandika mia tatu, anatisha na mashine kidogo ili watu wakimbie, kisha wanaleta mia moja na hamsini, na kila mtu anakwenda zake. Boti amekodi nafasi ya mia moja na hamsini. Wateja wake wa Baraka wameomba mia moja na hamsini.

“Na mashine zangu?” nilisema. “Ningeleta nusu, ungezichukua?”

“Nizipeleke wapi? Minye nakoboa nini huku, samaki?”

Wapakiaji walicheka. Nilitaka kumtukana. Nilifungua mdomo, nikakuta kila tusi ninalolijua limekwisha kunipata mimi kwanza. Alinikata nusu kabla hajaniona, kama nilivyomkata Pétronille. Na watu wangu, pamoja na uongo wao wote, walikuwa wameniletea mpunga wa mchele mia moja na hamsini. Hasa hesabu aliyoitaka. Kama ningekaa Kiringye nimekunja mikono, mimi na Toussaint na Emery tukidanganyana kwa amani, hesabu ingefika yenyewe. Nusu nyingine ya mchele huu ni mawe ya Kilibula na mti wa avoka.

Alisema pole. Nadhani alimaanisha.

“Sitake pole,” nilimwambia. “Nataka sahihi.”

Akaandika pale pale, juu ya goti: mia tatu yamefika, mashine ni za Émérance, zote mbili. Akapokea mia moja na hamsini. Mengine tumeyarudisha kwenye kamyo kwa mikono ile ile iliyoyashusha yahesabiwe, mimi na Evariste, na jua juu yetu. Kwenye bariere ya kwanza mtu aliuliza mchele unaenda wapi. Evariste alimjibu kwamba ulikwenda kusalimia ziwa, sasa unarudi nyumbani.

30 mwezi wa sita

Uhuru. Watu wamecheza ngoma barabarani. Nimelala.

8 mwezi wa saba

Nauza mchele pole pole, kwa wenye maduka ya Sange, kwa mama wa chakula, hata kwa kikombe. Ndiyo, kwa kikombe. Emery akisikia atafurahi.

Bibi wa Pili tumemrudishia shitingi yake. Kuku wa Evariste anataga chini yake.

17 mwezi wa saba

Toussaint amekuja kuniuliza kama msimu ujao nitagawa magunia. Nilimwambia hapana. Akasema basi itakuwa vigumu watu kujua waseme ngapi. Hakuwa anatania.

22 mwezi wa saba

Watu wameanza kuandaa vitalu. Asubuhi nimekwenda kwa Pétronille mwenyewe, kwa mguu, bila Evariste, bila gunia hata moja. Nilimkuta anazibua mfereji kwa jembe. Safari hii ni mimi niliyesimama nikingoja amalize.

Nilimwambia sitakata tena. Nimeona nilichofanya. Atakachosema ndicho nitakachoandika, na siku ya mavuno nitamwekea nafasi yake kwenye mashine, yote, asubuhi ya kwanza. Anayesema kweli atangulie. Nilimwambia nimeanza na yeye kwa sababu hiyo.

“Hakuna kukata?”

“Hakuna, mama.”

Alifuta jembe kwa majani. Alitazama kipande cha chini, kisha kile cha kando ya mfereji, kisha kile alichoachiwa na mume wake. Safari hii hakuhitaji kushuka kwenye maji.

“Andika sitini.”

“Kuna shamba lingine umepata?”

“Hapana. Ni ile ile.”

Alinitazama machoni. Hakuwa na hasira, na hakuwa na aibu. Alinitazama kama mtu anayeongea, baada ya kazi nyingi ya kujifunza, lugha ya mgeni wake.

Niliandika sitini, mbele yake, kwa herufi kubwa ili aone. Nilikuwa nimeahidi. Tukaagana vizuri, akanipa muwa wa njiani. Nami nikarudi nikitafuna, na kabla sijafika kwenye daraja la mfereji kichwa changu, bila kuniuliza, kilikuwa kimekwisha kukata nusu.